Gaspard de Prony: Mzee aliyepima nguvu za injini kwa mbao na boliti

Mkulima wa Nyamira hawezi kumpa mtu majani chai bila mizani. Kilo moja ikipotea kwenye kituo cha kununulia, kelele zake zinafika hadi kijiji cha pili. Lakini kijana wa boma hilo hilo akiteremka Keroka au Daraja Mbili kununua pawa so iliyotumika, mambo ni mengine. Anavuta kamba mara mbili, anasikiliza mlio, anatazama kibandiko kilichoandikwa sijui farasi wangapi, kisha anatoa pesa. Pesa nyingi tu, pengine za mkopo wa chama. Akifika kwenye mkaratusi mnene, msumeno unalia lakini haukati.

Hao farasi wa kwenye kibandiko, nani aliwapima? Na aliwapima vipi? Kuna mzee Mfaransa aliyeulizwa swali kama hilo miaka 200 iliyopita, akalijibu kwa vipande vya mbao, boliti, mti mrefu na mawe ya mizani. Jina lake ni Gaspard de Prony. Mafundi na wahandisi duniani kote bado wanatumia jibu lake, na fundi yeyote wa jua kali pale Suneka au Kebirigo anaweza kulitengeneza kwa vyuma vya pikipiki iliyokufa. Nitafika huko. Kwanza tumjue mwenyewe.

Prony alizaliwa tarehe 22 Julai 1755 katika kijiji cha Chamelet, sehemu za vilima karibu na mji wa Lyon. Nyumbani kwao walikuwa watu wa mambo ya sheria, lakini kijana alivutiwa na hesabu. Mwaka 1776 alijiunga na shule ya Paris iliyofundisha wajenzi wa barabara na madaraja, École des Ponts et Chaussées. Mkuu wa shule hiyo alikuwa Jean-Rodolphe Perronet, mjenzi wa madaraja aliyeheshimika kuliko wote Ufaransa wakati huo.

Perronet alikuwa na maadui. Matao ya madaraja yake yalikuwa membamba na ya chini kuliko watu walivyozoea, na wengine walisema yataanguka. Kijana Prony alichukua kalamu na kuonyesha kwa hesabu jinsi uzito unavyosukumana ndani ya tao. Mwalimu akafurahi, akamweka karibu. Wakajenga pamoja daraja la mto Seine ambalo leo linaitwa Pont de la Concorde. Kazi ilianza 1787 na kuisha 1791, na katikati yake mapinduzi yakalipuka. Gereza la Bastille likabomolewa, na baadhi ya mawe yake yakaishia kwenye daraja hilo. Mawe ni mawe, fundi hatupi.

Mwaka huo wa 1791 serikali mpya ilimpa Prony kazi ya ajabu. Ilitaka kupima ardhi yote ya nchi upya ili kodi itozwe kwa haki, na kwa vipimo vipya vya mfumo wa kumi. Hata pembe mraba, ambayo sisi tumeifundishwa kuwa na digrii 90, ilitakiwa igawanywe mara 100. Maana yake vitabu vyote vya majedwali ya hesabu vilikuwa havifai tena. Wewe uliyefanya KCSE unakijua kile kitabu cha majedwali chenye tarakimu nne. Prony alitakiwa atengeneze chake, logaridhimu za namba kuanzia 1 hadi 200,000, kwa tarakimu 14 baada ya nukta. Bila kalkuleta, bila chochote ila wino na karatasi.

Alipiga hesabu akaona maisha yake hayatoshi. Kilichomwokoa ni kitabu cha Adam Smith, yule Mskoti aliyeandika juu ya utajiri wa mataifa. Ndani yake kuna habari za kiwanda cha pini ambapo watu 10, kila mmoja akifanya hatua yake ndogo, walitengeneza pini zaidi ya 48,000 kwa siku. Prony akajiuliza kama hesabu nazo zinaweza kutengenezwa kama pini. Akagawa kazi ngazi tatu. Juu kabisa aliweka wanahisabati wachache waliochagua kanuni. Katikati, watu saba au wanane waliojua hesabu vizuri na ambao waliandaa kurasa. Chini, watu kati ya 60 na 80 ambao walihitaji kujua kujumlisha na kutoa tu. Basi. Inasimuliwa kwamba wengi wa hawa wa chini walikuwa vinyozi na wasusi wa mawigi waliopoteza kazi baada ya vichwa vya matajiri wao kukatwa na mapinduzi. Wanahistoria wengine wanaona simulizi hiyo imetiwa chumvi, ila ni tamu mno kuiacha.

Kila hesabu ilifanywa mara mbili na makundi mawili, kisha zikalinganishwa. Kazi ilikamilika ikawa vitabu vikubwa 17 vilivyoandikwa kwa mkono. Halafu pesa za karatasi za mapinduzi zikaporomoka thamani na uchapishaji ukasimama. Baadaye Waingereza walitaka kuchangia gharama, nayo ikafa. Prony hakuishi kuona majedwali yake yakichapishwa. Lakini Charles Babbage, Mwingereza aliyebuni mashine ya kukokotoa ambayo wengi huihesabu kuwa babu wa kompyuta, alivutiwa sana na mpango huu. Kama watu wasiojua hesabu wanaweza kufanya kazi hiyo kwa kujumlisha na kutoa, kwa nini gurudumu la shaba lisiweze?

Mimi naona hapo ndipo akili ya Prony inapoonekana. Hakupenda kazi inayomtegemea mtu mmoja mwenye kipaji. Alitaka njia ambayo mtu wa kawaida akiifuata, anapata jibu sahihi.

Mwaka 1794 alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa École Polytechnique, na mwaka 1798 akawekwa kuwa mkuu wa shule ile ile aliyoingia kama kijana. Alikaa kwenye kiti hicho hadi kufa, miaka 41. Mwaka huo huo wa 1798 Napoleon alimwalika waende Misri na jeshi pamoja na wanasayansi wengine. Prony akakataa. Kumkatalia Napoleon haikuwa mchezo, na wenzake waliokwenda au kujipendekeza walipata vyeo ambavyo yeye hakuvipata. Kilichomsaidia ni kwamba mke wake alikuwa rafiki wa Josephine, mke wa Napoleon. Kazi hakunyimwa. Alitumwa Italia kuangalia mafuriko ya mto Po, bandari, na mabwawa ya Pontine karibu na Roma, ambako malaria ilikuwa inawamaliza watu.

Hata muziki aliupimia hesabu. Mwaka 1832 alitoa kijitabu cha kuonyesha jinsi ya kukokotoa umbali kati ya sauti moja na nyingine kwa kutumia logaridhimu. Mzee anayefunga nyuzi nane za obokano hapa Gusii anafanya hesabu hiyo kwa sikio, bila jedwali.

Sasa turudi kwenye injini.

Prony aliijua mitambo ya mvuke mapema. Kitabu chake kikubwa cha ujenzi wa mambo ya maji, kilichotoka sehemu mbili, 1790 na 1796, kilieleza mitambo hiyo kwa undani mkubwa, ingawa James Watt hakupewa humo nafasi aliyostahili. Ni Watt aliyeuza wazo la nguvu za farasi. Wenye migodi na viwanda vya pombe walitaka kujua mtambo mmoja utachukua nafasi ya farasi wangapi, naye akawapa namba. Kwa kipimo kilichokuja kutumika Ufaransa na nchi za mita, farasi mmoja ni kupandisha kilo 75 juu mita moja kwa sekunde moja. Gunia la mahindi la kilo 90 ni zito kidogo kuliko hapo. Jaribu kulinyanyua kifuani kila sekunde, kutwa nzima, uone farasi anavyoteseka.

Tatizo ni kwamba kipimo kikishakuwapo, kila muuzaji anadai anacho. Mtambo uliuzwa kwa farasi 10 au 20, lakini mnunuzi alithibitishaje? Mtu angeweza kupima ukubwa wa silinda na shinikizo la mvuke ndani yake, akakokotoa. Hiyo inakupa nguvu iliyoko ndani. Haikuambii kiasi kinacholiwa njiani na vyuma vinavyosuguana kabla ya kufika kwenye shafti, mahali ambapo kazi inafanyika. Au ungepima maji yaliyopandishwa na pampu, lakini pampu mbovu ingeuponza mtambo mzuri.

Mtaa wa Gros-Caillou, Paris, kando ya mto Seine, kulikuwa na kituo cha kusukuma maji kwa mvuke. Mtambo mpya uliwekwa hapo penye mtambo wa zamani, na Prony akapewa jukumu la kuchunguza uwezo wao. Hiyo ilikuwa 1821. Alikuwa na miaka 66, umri ambao wengi wameshakaa kivulini.

Alichofanya ni hiki. Alichukua vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kukumbatia shafti, kimoja juu na kimoja chini. Akavikaza kwa boliti. Kwenye kipande kimoja akaweka mti mrefu uliotokeza kando kama mkono. Mtambo ukizunguka, mbao zinasugua shafti na shafti inataka kuzizungusha pamoja nayo. Mkono unataka kwenda. Prony akaning'iniza uzito mwishoni mwa mkono ili kuuzuia, akaendelea kukaza boliti na kuongeza uzito mpaka mtambo ukafanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida na mkono ukatulia sambamba na ardhi. Hapo, uzito uzidishe kwa urefu wa mkono, unapata nguvu ya kuzungusha. Zidisha na mwendo wa mzunguko, unapata farasi.

Na utamu wenyewe uko hapa. Msuguano ni kitu kigumu kukadiria, hubadilika mbao zikilowa, zikipata moto, zikipakwa sabuni. Kwa kifaa cha Prony huhitaji kuujua. Mbao ziwe laini au kavu, uzito unaoning'inia ndio unaokupa jibu. Kisichojulikana kimetolewa kwenye hesabu kabisa. Nguvu yote ya mtambo inageuka kuwa joto kwenye mbao, ndiyo maana zilimwagiwa maji zisiungue.

Kifaa hicho kikaitwa breki ya Prony. Mpaka leo ukiona kwenye karatasi za gari herufi bhp, hiyo b ya mwanzo ni breki. Farasi waliopimwa kwenye breki, si wa kwenye mdomo.

Haya, tuje gereji ya kwetu. Chukua gurudumu la nyuma la boda boda lenye breki za ndani. Ukitazama upande wa breki utaona ile sahani inayobeba breki imezuiwa na fimbo ya chuma isizunguke pamoja na gurudumu. Fungua fimbo hiyo, acha sahani iwe huru kwenye ekseli, kisha chomelea mahali pake mkono wa chuma wa sentimita 50, ukipima kutoka katikati ya ekseli. Mwisho wa mkono ufunge mizani ya kuning'iniza, zile zile za kupimia majani chai, iliyoshikwa imara kwenye fremu. Umeshatengeneza breki ya Prony. Kebo ya breki ndiyo boliti yako ya kukazia.

Pawa so huzunguka haraka mno, mizunguko 9,000 kwa dakika au zaidi, kwa hiyo usiiunganishe moja kwa moja. Toa ubao wake na mnyororo wa kukatia, weka puli ndogo mahali pa meno ya kuuzungushia, upunguze mwendo mara 10 kwa hatua mbili, ya kwanza kwa mkanda na ya pili kwa mnyororo wa pikipiki. Mwendo unashuka hadi mizunguko 900, na nguvu ya kuzungusha inapanda mara 10. Farasi hawaongezeki wala hawapungui, isipokuwa wale wachache wanaoliwa na mkanda.

Kujua mizunguko nako hakuhitaji kifaa ghali. Injini hii ya mapigo mawili yenye silinda moja hulipuka mara moja kila mzunguko. Programu ya simu inayopima mlio ikikuonyesha mipigo 150 kwa sekunde, zidisha kwa 60, ni 9,000.

Tuseme mizani imesoma kilo 6, baada ya kuondoa uzito wa mkono wenyewe. Hapo usisahau, maana karani wa chai naye huondoa uzito wa gunia. Kilo 6 ni kama nyutoni 59. Mara nusu mita, nguvu ya kuzungusha ni nyutoni-mita 29.4 kwenye gurudumu, au 2.94 kwenye injini. Kwa mizunguko 9,000 hiyo ni wati 2,770 hivi. Gawa kwa 735.5, unapata farasi watatu na robo tatu.

Kama kibandiko kinasema 4.4, je, muuzaji ni mwongo? Pole pole. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa, na injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho. Vipimo vya viwandani hulinganishwa na hewa ya chini. Gawa 3.75 kwa 0.85, unarudi kwenye 4.4. Msumeno ni mzima na muuzaji hana kosa. Lakini ukipata farasi wawili, hapo mna la kuzungumza, na hutazungumza kwa hasira, utazungumza kwa namba. Angalia kwanza kabureta, kichujio cha hewa na pete za pistoni kabla ya kumwita mtu mwizi.

Tahadhari chache, kwa sababu najua mtaenda kujaribu. Usipige moto mwingi injini ikiwa haijabebeshwa mzigo wa breki. Usiibane zaidi ya sekunde 10 mfululizo, kwa kuwa wati karibu 2,800 zikigeuka joto ndani ya gurudumu la boda zinatosha kuunguza breki, iache ipoe. Funika mkanda na mnyororo kwa bati, vaa miwani na vizibo vya masikio, na asisimame mtu mbele ya gurudumu. Mkono ule ukikwepa mizani unaweza kuvunja mguu.

Prony aliishi miaka 18 zaidi baada ya Gros-Caillou. Mwaka 1827 alikuwa kwenye kazi ya kuzuia mafuriko ya mto Rhône. Mwaka uliofuata mfalme Charles wa Kumi alimpa cheo cha baroni, na mwaka 1835 akaingia baraza la juu la nchi. Aliishi chini ya mfalme, mapinduzi, Napoleon, kisha wafalme wengine watatu, na kila utawala ulimkuta na kumwacha kazini. Alifariki tarehe 29 Julai 1839 huko Asnières, nje kidogo ya Paris, wiki moja baada ya kutimiza miaka 84.

Nusu karne baadaye, 1889, Gustave Eiffel alipomaliza mnara wake aliandika kuuzunguka majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa, na la Prony limo. Mnara wenyewe umesimama mtaa ule ule wa Gros-Caillou. Majina hayo yalifunikwa kwa rangi mwanzoni mwa karne iliyopita, yakakaa yamefichika miaka mingi, na yakarudishwa yaonekane tena mwaka 1986 na 1987.